Mbwa Hajui Kukataa: Hotuba kuhusu Kilomita 20 Kando ya Baiskeli

Maneno haya niliyasema kwenye mkusanyiko wa wafugaji mbwa wanaozungumza Kiswahili hapa Bavaria. Walioshikwa na zamu ya wikendi waliomba yaandikwe, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, wenzetu wa Kenya mliofika na mahamri, nanyi watoto mlioonywa mkae kimya: karibuni sana. Najua wamo humu wanaojihadhari na mbwa kwa ajili ya udhu, wamekuja kuwasindikiza ndugu zao tu. Msiwe na wasiwasi. Mbwa wote wako nje, na hakuna atakayeingia hadi nimalize kusema na chai iishe.

Nimeombwa nizungumzie mtihani mmoja. Wajerumani wanauita Ausdauerprüfung, yaani mtihani wa ustahimilivu, na kwenye karatasi za mbwa wanaandika herufi mbili, AD. Mbwa anakimbia kilomita 20 kando ya baiskeli, kwa kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Anapumzika njiani mara mbili, na akifika mwisho anatakiwa awe bado na nguvu na hamu ya kumtii mwenyewe. Hakuna kuuma, hakuna kunusa nyayo za mtu, hakuna kombe. Ila kwa mnaotaka kuzalisha mbwa wenu, chama cha German Shepherd, chenye makao yake hapa hapa Augsburg, kinakidai cheti hicho kabla mbwa hajafikishwa kwenye ukaguzi wa uzazi, ule unaoitwa Körung. Ndiyo maana simu yangu haipoi.

Sasa naomba niulize. Ndugu zangu, mbwa wako umemwonyesha kamba, ukamwambia twende. Amewahi kukujibu, "Leo hapana, mguu unaniuma"? Amewahi? Mmoja tu humu ndani anyooshe mkono! Hayupo. Mbwa huyu ametokana na mbwa waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi na watu waliomtaka yule asiyekataa kazi. Utamwita akiwa anachechemea, atakuja. Utaendesha baiskeli hadi pumzi imkatike, naye atakufuata hadi aanguke. Hajui kukataa. Basi katika kilomita 20, nani atakataa kwa niaba yake? Swali hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Tuanze na kondoo, maana bila kondoo hamtaelewa kwa nini mtihani huu uko hivi ulivyo.

Mwaka 1899, tarehe 3 Aprili, nahodha mmoja wa askari wa farasi aitwaye Max von Stephanitz alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe pamoja na rafiki yake Artur Meyer. Wakamwona mbwa mmoja wa kuchunga, rangi yake manjano iliyochanganyika na kijivu, umbo kama la mbwa mwitu, jina lake Hektor. Stephanitz akamnunua pale pale, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath. Grafrath ni hapo tu, ukitoka Augsburg kwenda upande wa München. Tarehe 22 ya mwezi huo huo chama kikaundwa, na Horand akaandikwa namba moja kwenye daftari la ukoo.

Stephanitz aliona nini? Alimwona mfanyakazi. Mashamba ya Ujerumani ya wakati ule yalikuwa vipande vipande, ngano huku, viazi kule, na katikati ukanda mwembamba wa majani, bila ua wala senyenge. Mchungaji anapeleka kondoo mia kadhaa wale kwenye ukanda ule, na asiruhusu hata mmoja atie mdomo kwenye ngano ya mtu. Ua ulikuwa mbwa. Alikwenda na kurudi kwenye mpaka wa shamba, akifuata mtaro wa jembe, tangu asubuhi hadi jioni. Sasa fikirieni: mbwa anayetoka shoti asubuhi, adhuhuri yuko wapi? Amelala chini, na kondoo wamo kwenye ngano. Mchungaji alimtaka mbwa wa mwendo mmoja, mwendo asiouchoka.

Mwendo huo ndio mchakamchaka. Waliopitia JKT wanacheka, nawaona. Mguu wa mbele wa kulia unagusa chini pamoja na mguu wa nyuma wa kushoto, halafu wawili waliobaki, tap-tap, tap-tap, mgongo umetulia, kichwa hakipandi wala hakishuki. Ndio mwendo unaomfikisha mbwa mbali kwa nguvu kidogo, na ndio mwamuzi anaoutazama. Mbio za kuruka haraka hazitakiwi. Kutembea hakutoshi.

Na kasi yenyewe wala haitishi. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, sekunde 35, alikuwa anakwenda karibu kilomita 21 kwa saa. Wenzetu wa Kenya, msijivune sana, lakini ni kweli: mtu wenu angemwacha mbwa wa mtihani huu nyuma sana. Kwa hiyo anayekuja hapa akitafuta mbio, amepotea njia. Tunatafuta mwendo.

Nimesema nitarudia. Nani atakataa? Kukataa kwa kwanza ni kukataa haraka ya umri.

Sheria inasema mbwa asiingie kwenye mtihani kabla ya miezi 16. Wapo wanaodhani miezi 16 ndipo safari inapoanzia, wapo wanaodhani ndipo inapomalizikia, yaani siku anapotimiza awe tayari anakimbia 20. Kuna kijana mmoja, simtaji, alikuja uwanjani na mbwa wa miezi minane, dume zuri, kifua kipana, masikio yamesimama. Akatuambia kwa fahari kwamba tayari wanakwenda kilomita 10 kila jioni kando ya mto Lech. Wazee wa klabu wakatazamana. Mmoja akamwomba amtembeze mbwa polepole, akachuchumaa nyuma yake, akatazama. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unatua mfupi kidogo kuliko wa kulia. Kidogo sana. Kijana mwenyewe hakuwa ameona, maana yeye yuko juu ya baiskeli, anatazama mbele.

Mbwa mkubwa kama huyu, ncha za mifupa yake hazijafunga kabisa hadi kati ya miezi 12 na 18. Pale mwisho wa mfupa pana tabaka laini ambalo ndilo linarefusha mguu, na kukimbizwa lami kila siku kwa mwendo ule ule mrefu kunalipiga tabaka hilo bila kupumua. Mtoto wa mbwa akicheza, anakimbia, anasimama, analala, anazunguka; mwili wake unajipimia. Kando ya baiskeli hajipimii, anapimiwa. Mnaona tofauti? Baiskeli haichoki, na anayeiendesha amekaa.

Kwa hiyo kabla ya mwaka mmoja: matembezi, michezo, kuogelea akipenda, na kujifunza kwenda kando ya baiskeli inayosukumwa kwa mkono. Akitimiza mwaka, mpeleke kwa daktari wa mifugo apigwe picha za nyonga na za viwiko. Picha hizo mtazihitaji vilevile kwa ajili ya uzazi, na kuanzia miezi 12 zinakubaliwa kupelekwa chamani. Daktari amsikilize moyo pia, huyo mbwa namaanisha, ingawa na wewe ungepimwa si vibaya. 20 ni kilomita zako pia. Nyonga zikiwa mbaya, hakuna mtihani. Basi. Mbwa wa nyonga mbaya anaweza kuwa mlinzi mzuri na rafiki wa watoto miaka kumi, lakini AD asiijue. Na jike aliye kwenye joto, aliyebeba mimba au anayenyonyesha, sheria yenyewe imemwondoa.

Yule kijana? Alikasirika, akaondoka. Baada ya wiki kadhaa akarudi na picha za daktari mkononi, akakaa kwenye kona akinywa kahawa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi yeye ndiye anayewaonya wageni, na anawaonya kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Haya, baiskeli. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Ujerumani sheria ya barabarani, kifungu cha 28, inakataza kuongoza mnyama ukiwa ndani ya gari, lakini kwenye baiskeli imeruhusu mnyama mmoja tu, naye ni mbwa. Mbuzi hapana. Nimeulizwa kweli, msicheke. Mbwa anakimbia upande wako wa kulia, na hilo lina maana: hapa magari yanashika kulia, kwa hiyo wewe na baiskeli yako mko kati ya mbwa na magari. Sisi tuliokulia nchi za kushika kushoto mkono unatudanganya, tunamweka mbwa kushoto bila kufikiri. Mfundishe kulia tangu siku ya kwanza, na umfundishe neno lake la kwenda kulia na neno la kusimama kabla hujapanda kiti.

Kamba iwe ndefu kiasi cha kulegea, ili mbwa ajirekebishe mwenyewe kufuata kasi. Usiizungushe kwenye usukani! Usiizungushe kwenye kifundo cha mkono! Kuna jamaa aliyeifunga usukani kwa sababu alitaka mikono yote miwili iwe huru kwa breki, akaona ni akili. Paka akakatiza njia. Mbwa alipona, paka alipona, jamaa alivunjika mfupa wa bega. Kamba ishikwe mkononi, ishikwe namna ya kuiachia. Mkanda wa shingoni uwe mpana; hanesi isimbane kwapani, la sivyo baada ya kilomita 10 manyoya yameondoka na ngozi inawaka.

Sasa kuhusu mwendo wenyewe. Klabuni kwetu tuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni. Hana kipimo cha kasi kwenye baiskeli, wala simu. Anaendesha, ametega sikio. Nilimuuliza, Mzee, unasikiliza nini? Akasema: kucha. Mbwa akiwa kwenye mchakamchaka, kucha zinapiga lami kwa mapigo mawili yaliyo sawa. Akianza kuruka, mapigo yanakuwa matatu. Akianza kuchoka, yanabaki mawili lakini yanaburuta, kucha za nyuma zinakwaruza chini. Yule mzee anajua mbwa wake amechoka kabla hajageuza shingo. Tangu hapo nami natega sikio, na nawashauri: ondoeni vidude vya muziki masikioni. Utaukataa vipi uchovu usiousikia?

Mazoezi yenyewe tunayapa kama miezi mitatu. Mwanzoni kilomita 2 au 3, mara tatu kwa wiki, na katikati siku za kupumzika ambazo ni za lazima. Dakika kumi za mwanzo mtembeze kwa miguu, akojoe, anye, alegeze viungo, ndipo upande. Kila wiki unaongeza kidogo. Ukifika kilomita 8, simama hapo wiki mbili hivi. 8 ndiyo sehemu ya kwanza ya mtihani, na mbwa anayeimaliza akiwa bado anataka kucheza, huyo ana msingi. Halafu unafanya 8, mnapumzika robo saa, mnaendelea na 3, na 4, na 5. Ukishafika 15 na mapumziko yake bila taabu, huna haja ya kumkimbiza 20 kila Jumamosi kujihakikishia. Wapo wanaofanya hivyo, na siku ya mtihani wanaleta mbwa aliyekwisha. Wiki ya mwisho punguza. Wasiwasi ni wako, usimlipishe mbwa.

Changanyeni njia. Mtihani unapita lami, barabara za mawe na njia za udongo, na nyayo zinahitaji kuzizoea zote. Nyayo za mbwa wa bustanini ni laini; zinakomaa kwa kukanyaga, polepole, na haziharakishwi kwa mafuta ya dukani. Kila mkirudi, chuchumaa, kagua nyayo zote nne, kati ya vidole pia, mawe madogo hujificha humo. Kucha ziwe fupi. Ukiona ufa au sehemu nyekundu iliyokwanguka, siku tatu nne hakuna lami. Hapa ni pafupi, tusonge.

Tunafika kwenye joto. Ndugu zangu, kama mtasahau yote, hili msilisahau.

Kanuni ya mtihani inasema hewa isizidi digrii 22. Kuna mwaka mtihani uliitishwa mwezi wa Septemba. Watu walitoka mbali, wengine walilala kwenye magari ili wawahi. Kikundi cha kwanza kikaondoka alfajiri. Ukungu ulipofunguka, jua likatoka kwa nguvu, na mwamuzi akaenda kwenye kipimajoto kilichotundikwa kivulini, akarudi, akasema kikundi cha pili hakitakimbia. Mngesikia manung'uniko! Mmoja akasema mbwa wake ni wa kazi, digrii mbili si kitu. Mwingine akasema amelipa mafuta ya gari. Mwamuzi akawasikiliza wote, akakunja karatasi zake, akaomba chai. Mimi nasema yule ndiye mwamuzi.

Kwa nini 22, wakati sisi 22 tunavaa sweta? Mbwa hatoi jasho kama wewe. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, hazimsaidii kitu. Kinachompoza ni kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi uliolowa. Mwili wake umezoea digrii 38 hadi 39. Misuli inayokimbia inatengeneza joto kila hatua, na kama joto linaingia kuliko linavyotoka, linapanda. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakusaidii sana, hata kama kipimajoto kinasema 20. Wewe hapo juu ya baiskeli unapigwa na upepo, umelowa jasho, unajisikia vizuri. Yeye amevaa manyoya ya tabaka mbili, na pua yake iko sentimita chache juu ya lami.

Mtajuaje? Ulimi unaanza kurefuka na kupanuka mwishoni. Mate yanakuwa mazito, yananing'inia. Ufizi unaiva wekundu wa damu. Macho yanatazama bila kuona. Anaanza kupepesuka nyuma. Usingoje kuona yote. Ulimi mpana na kubaki nyuma vinatosha: simama, kivulini, mwage maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, tumboni na kwenye mapaja hasa, mpepee, na umpigie daktari ukiwa njiani. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukamwacha. Taulo linapata joto, linamfungia ndani.

Kuna waliniuliza, tukirudi nyumbani tunaweza kufanya mazoezi haya? Dar es Salaam na Mombasa, jibu langu ni hapana, labda akatembee ufukweni kabla ya jua. Lushoto, Mufindi, Limuru, mwezi wa Julai alfajiri, hapo tunaweza kuzungumza. German Shepherd wa Dar anaweza kukulindia geti usiku kucha, lakini kilomita 20 za lami saa nne asubuhi ni kumuua tu.

Chakula na maji kwa haraka. Mbwa wa kifua kirefu kama hawa, tumbo likijaa halafu akakimbia, linaweza kujaa gesi na kujipindua lenyewe, na hapo mna saa chache tu za kumfikisha kwenye upasuaji. Mtihani ukiwa asubuhi, chakula chake cha mwisho ni cha jioni iliyotangulia. Akimaliza, angoje hadi pumzi itulie kabisa ndipo ale kidogo. Maji ni kwenye mapumziko, kidogo kidogo, mara nyingi. Bakuli zima kwa mkupuo mmoja, hapana.

Sasa siku yenyewe. Mnajipanga mbele ya mwamuzi, namba za chipu zinasomwa, kila mtu anataja jina lake na la mbwa. Anawatazama mbwa wakitembea. Aliye mgonjwa au asiye na nguvu hapandi hata mstari. Kisha mnaondoka. Kilomita 8, dakika 15 za kupumzika. Kilomita 7, dakika 20. Kilomita 5 za mwisho, dakika 15, halafu mazoezi mafupi ya utii. Mwamuzi anafuata kwa baiskeli au kwa gari. Mbwa akivuta kamba kidogo mbele hana kosa. Anayebaki nyuma, anayeburutwa mwanzo hadi mwisho, ndiye mwenye kosa. Kila mapumziko mwamuzi anapita, anatazama, anashika nyayo. Hakuna alama wala daraja, hakuna wa kwanza. Amefaulu au hakufaulu. Kwa hiyo anayemaliza kwa kilomita 15 kwa saa hana anachomzidi aliyemaliza kwa 12. Kwa nini basi nawaona kila mwaka watu wakishindana pale barabarani? Mnashindania nini?

Niwasimulie kuhusu dada mmoja wa klabu ya jirani. Alifanya mazoezi yake vizuri sana, nilimwona. Siku ya mtihani, kilomita 15, mapumziko ya pili. Mbwa wengine wanazunguka, wananusa majani, wanatafuta kona ya kukojoa. Wake alikunywa maji akalala, akaanza kulamba mguu wa mbele. Mwamuzi alipopita, mbwa akasimama wima kabisa, mkia ukatikisika, kama askari mbele ya ofisa. Mwamuzi akakagua, akaona wekundu kidogo katikati ya vidole, akamwambia dada, hapa uamuzi ni wako, kwa macho yangu anaweza kuendelea. Zimebaki kilomita 5! Miezi mitatu ya kuamka gizani, ada imelipwa, mume na watoto wamesimama mwishoni na kamera. Watu wote wanamtazama.

Akasema: "Inatosha."

Ndugu zangu, mbwa alikuwa amesimama tayari. Mkia unatikisika. Angekwenda. Nilimwona macho yake, angekwenda 5 na angekwenda 10 nyingine. Jioni ile kwa daktari ilionekana ngozi imepasuka kati ya vidole, ufa ambao kwa kilomita 5 za lami ungekuwa kidonda cha mwezi mzima. Majira ya machipuko yaliyofuata wakarudi, wakafaulu, na kwenye karatasi zake hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilikuwa mara ya pili. Mimi nimewaona wengi wakifaulu mtihani huu na nimewasahau. Yule dada simsahau, na nakiri kwamba wakati ule, moyoni mwangu, nilikuwa nataka aendelee.

Mkishamaliza, siku inayofuata ni matembezi mafupi ya polepole. Viungo vitakuwa vimekakamaa asubuhi, vyake na vyako. Akiendelea kuchechemea siku ya tatu, nenda kwa daktari, usingoje Jumatatu.

La mwisho ni tangazo. Jumapili tunaanza kikundi cha mazoezi, hapa hapa kibandani, saa moja kamili asubuhi. Namaanisha saa moja kamili; saa tatu jua litakuwa limeshafika na mimi nitakuwa nimefunga geti. Mje na bakuli, maji lita mbili, kamba ndefu, pampu ya baiskeli, na karatasi ya daktari. Asiye na karatasi atatembea nasi kwa miguu. Na yule aliyeniandikia jana kuuliza kama wa miezi tisa anaruhusiwa: mlete, atambulishwe kwa wenzake, asukumiwe baiskeli raundi mbili za uwanja, kisha umrudishe nyumbani akalale.

Asanteni. Mahamri yamebaki machache, na maswali naona ni mengi. Tuanze na mama pale nyuma.